Mwangwi

Mhadhara ulianza saa moja na nusu asubuhi
kwa sababu Dokta Mwesiga alikuwa nchi
ambako chakula cha mchana kimeshaliwa.
Ndani ya nyumba yetu mtandao haukai.
Unakaa juu ya kisima cha mvua, sijui kwa nini,
kwenye mfuniko wa zege ambao babu,
likiwa bado bichi, alianza kuliandikia jina lake kwa kidole,
akafika L, akaitwa kula.

Nikapanda hapo na simu ya Mfaume.
(Yangu ina ufa; kila mtu huonekana nusu.)
Mada: Uendelevu na Changamoto za Mazingira.
Washiriki mia moja na kumi na wawili,
wengi wao herufi nyeupe ndani ya duara,
na mmoja aliyesahau kamera, anapiga mswaki.

Julai, Newala. Mikorosho imetoa maua,
umande haujakauka, ndiyo saa ya salfa.
Mashine ya Bwana Chilindima inanguruma ng'ambo ya uzio,
wingu la njano linapanda, linashuka,
linaingia kwenye chai.
Tangu alfajiri nilikuwa nawajazia unga;
ubwiriunga haujui kwamba niko likizo.

Dokta akafungua ramani.
Kusini yote rangi ya chungwa,
na pembeni, kwa maandishi madogo: hatari ya wastani.
Mama alikuwa amesimama na ndoo, akachungulia.
"Huo wastani," akauliza, "ndoo ngapi?"
Nikamwambia si kipimo cha ndoo.
"Basi cha nini?"
Nikaongeza sauti ya simu.

Alisema vizuri, sitamsingizia.
Alisema udongo una kumbukumbu.
Alisema vizazi vijavyo,
nami nikaandika vizazi vijavyo, nikapiga mstari,
kisha nikamtazama mtoto wa Mfaume
anayejaribu kukipanda kisima kwa tumbo.
Huyu ameshakuja. Ana kikohozi.

Wakati wa maswali nikabonyeza kiganja.
Kikainuka kwenye kioo, cha njano,
na kidole kilichokibonyeza kilikuwa cha njano.
Swali nililiandika tangu juzi,
lina neno ustahimilivu mara mbili.

"Karibu, Somoe. Ila punguza hizo kelele za nyuma.
Halafu kuna mwangwi. Uko ukumbini?"

Ningeweza kuomba radhi.
Sisi hujifunza kuomba radhi
kabla ya kujifunza kuwasha maiki.
Lakini ulimi ukaniponyoka:
"Kelele ni salfa, Dokta. Ndiyo ada yangu ya muhula.
Mwangwi ni kisima. Nimekikalia.
Masika haya maji yalifika kimo cha goti,
yakaisha. Sasa kinajibu kila ninachosema."

Miraba yote ikanyamaza,
hata yule wa mswaki.
"Mchango mzuri sana," akasema Dokta,
"tutaurudia mwish—"

Umetumia asilimia mia ya bando lako.

Nikabaki na kioo cheusi mapajani.
Ng'ambo ya uzio wakazima mashine, wakanywe chai yao ya njano.
Nikainamia tundu la ndoo,
nikalitamka lile neno nililoliandaa,
lisiende bure:
ustahimilivu!
Kisima kikanirudishia mkia wake tu,
vu, vu, vu, vu,
kama mtu anayepulizia jiko lililokwisha kuzimika.
Mwaka jana, mwezi kama huu,
zilikuwa vu mbili.

Mama akateremsha ndoo.
Kamba ikaenda, ikaenda.
"Wamemaliza?" akaniuliza.
"Bado."